Kuelekea Scaletta, Chini ya Nyuzi 30

Kutoka Davos, Uswisi, mita 1,560 juu ya usawa wa bahari, naingia bonde la Dischma kwa skii, nikielekea Dürrboden na hatimaye Scaletta, upenyo wa milimani wenye kimo cha mita 2,606. Mkono wa kulia miteremko imeelekea kaskazini mashariki. Jua la majira ya baridi haliifikii vya kutosha, na theluji yake hukaa baridi kwa wiki nyingi. Taarifa ya hatari ya maporomoko, itolewayo kila jioni na taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko hapa hapa Davos, imetaja daraja la 3 kati ya 5. Wengi huisoma namba hiyo kama ruhusa, kwa kuwa iko katikati. Mimi naiogopa. Daraja hilo hutangazwa takriban asilimia 30 ya siku za majira ya baridi, lakini karibu nusu ya wanaouawa na maporomoko Uswisi hufa siku hizo. Tena, katika ajali nyingi za wapanda milima, poromoko huanzishwa na mhanga mwenyewe au mwenzake. Ndiyo maana njia yangu naichagua kwa mwinamo wa mteremko kabla ya kuitazama theluji yenyewe: maporomoko ya mabamba ya theluji huanzia hasa kwenye nyuzi 30 na zaidi, na mwinamo hupimika.

Nguvu ya theluji ni jambo jingine kabisa. Theluji ya mwanzo wa msimu ikiwa nyembamba, ardhi chini yake hubaki karibu na nyuzi sifuri huku hewa ya juu ikiwa baridi kali. Mvuke hupanda ndani ya theluji, na chembe za chini hugeuka fuwele kubwa zisizoshikana. Ukizichota kiganjani humwagika kama sukari. Kisha upepo huleta theluji nyingine na kuigandamiza juu ya sukari hiyo ikawa bamba gumu. Uso wake ni laini na unapendeza macho. Uzito wa mtu mmoja unaweza kuivunja sukari iliyofichika, na ufa ukakimbia mteremko mzima. Wakati mwingine mlima huonya: mshindo mzito chini ya miguu, kama gunia la nafaka lililobwagwa sakafuni. Wakati mwingine hausemi kitu.

Wapo watakaosema shimo huchimbwa ili kujua. Kweli, na kipimo chenyewe ni kizuri: unakata nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90, unaweka beleshi juu ya ncha moja, unaligonga mara kumi kwa kiganja, kumi kwa mkono kuanzia kiwiko, kumi kuanzia bega, ukiangalia kama ufa utavuka nguzo nzima. Ukivuka, nimepata sababu ya kurudi. Usipovuka, nimejua habari za pale nilipochimba tu, maana hatua chache pembeni tabaka laweza kuwa dhaifu zaidi. Wengine hutegemea vifaa vya redio vya kutafutana. Navibeba bila kusita, lakini takwimu za Uswisi zilizochapishwa 1994 zinaonyesha kwamba aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 15 ana nafasi ya kuishi ya takriban asilimia 90. Dakika ya 35 nafasi hiyo imeshuka hadi karibu theluthi. Na miamba ambayo poromoko hukubamiza nayo haingoji dakika hizo.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ni ya uzoefu. Lakini mtafiti Ian McCammon alichambua ajali 715 za Marekani, akaona kwamba kwenye maeneo waliyoyazoea, hata waliofunzwa vizuri walijiweka hatarini karibu sawa na wasio na mafunzo. Hilo halinishangazi. Mteremko mbovu hukupitisha salama mara nyingi, na kila mara unadhani ulikuwa umepima sawasawa.

Kipimo changu cha mwinamo nacho kina mpaka wake: mtu akiwa kwenye tambarare anaweza kuuangusha mteremko ulio juu yake. Kwa hiyo sipimi pale nilipo tu, napima na ule ulioniinamia. Ramani ya Uswisi hupaka njano kuanzia nyuzi 30 na chungwa kuanzia 35. Bondeni navuka mbali na vitako vya miteremko hiyo, na rangi ya njano ikiziba njia kabla ya Scaletta, nageuza skii kurudi Dürrboden.