Shinikizo na majira ya saa

Jamani, leo siasa naziweka kando kidogo. Tuongelee saa.

Tazama saa yako ya mkono. Kama inatumia betri, huenda imeandikwa Quartz. Hilo ni jiwe, kwa Kiswahili kwatzi. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walionyesha kwamba fuwele za namna hii zikibanwa hutoa umeme. Kinyume chake pia ni kweli: ukizipa umeme, zinatetemeka. Ndani ya saa nyingi kipande cha kwatzi hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Saa inaigawa namba hiyo kwa mbili mara 15, inabaki moja. Hiyo ndiyo sekunde yako.

Sasa sikia. Jiwe hilo hilo linalotunza majira linahisi kila linapoguswa. Vishikizo vikilibana kidogo, mitetemo inabadilika. Shinikizo lililobaki tangu kiwandani huachia polepole kwa miezi, na mitetemo inahama nalo. Kuhama kwa sehemu 20 katika milioni ni kama sekunde 1.7 kwa siku. Kesho hutaona kitu. Baada ya mwezi umeachwa karibu dakika nzima.

Dawa ikawa nini? Mwaka 1975 Errol EerNisse, mtaalamu wa Marekani, alipiga hesabu ya kukata kwatzi kwa pembe ambazo athari ya shinikizo la pembeni inajifuta yenyewe. Hakutafuta jiwe lisilohisi. Alibadili namna ya kulikata.

Mimi mwandishi wa gazeti hilo limenikaa kichwani. Kazini kwetu hakuna anayekuambia uandike uongo. Unaambiwa ondoa aya ile, mtoa matangazo atanuna. Lainisha kichwa cha habari. Kila siku sekunde 1.7, na msomaji haoni.

Wengi husema tunahitaji waandishi wasiotishika. Mimi sijakutana naye hata mmoja. Anayelipwa kwa stori, hana mkataba, kodi ya chumba inamsubiri, lazima ahisi. Mpe mkataba. Mtu wa matangazo asiwe na njia ya kufika kwenye meza ya mhariri. Aya ikiondolewa, aliyeiondoa aandike jina lake na sababu. Hapo woga utabaki, lakini habari haitahama.

Nanyi wenzangu wa benki, mashuleni na serikalini, ofisi zenu zimekatwa kwa pembe gani?