Pikapu za Carolina: pua juu, mkia chini

Ndugu msomaji, naomba radhi kwa kupotea wiki mbili kwenye ukurasa huu. Sikuwa nimefulia wala sikuwa 'ndani' kama wambea walivyotangaza. Nilikuwa majuu, bwana! Jimbo la North Carolina, Marekani, mji wa Greensboro, kwenye harusi ya binamu yangu wa kike. Viza nimepata kwa mbinde, tiketi ukoo mzima umechanga, kwa hiyo wenye midomo waseme watakavyo.

Ukoo wenyewe uko hivi. Bibi yetu ni wa ng'ambo ya ziwa, Kongo. Mjomba na familia yake walikimbia vita, wakakaa kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, mkoani kwetu Kigoma, miaka kibao, mpaka wakapelekwa Marekani. Greensboro Wakongo wamejaa. Kuna siku nilizunguka toka asubuhi hadi jioni bila kulitumia hata neno moja la Kiingereza changu cha fomu foo.

Siku ya pili baada ya harusi, mdogo wake bibi harusi akanigongea dirishani. "Yaya, jitengeneze, tunaenda ku bahari." (Msomaji wa Dar usicheke. Kwao yaya si mlezi wa watoto, ni kaka mkubwa. Siku ya kwanza na mimi nilinuna.) Bahari yenyewe ni Myrtle Beach, iko South Carolina, jimbo la jirani, kama kilomita 320 hivi. Nikavaa bukta na miwani ya jua, nikatoka nje.

Nilipoliona gari nikadhani limepata ajali. Lilikuwa pikapu Chevrolet Silverado nyeusi, matairi ya inchi 35, yaani tairi likisimama linafika karibu sentimita 90, urefu wa mtoto wa chekechea. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni pua ya gari kuelekea mbinguni na mkia kushuka chini, kama mbwa aliyekaa anangoja mfupa. Mbele limepandishwa kwa vyuma, nyuma limeshushwa. Kule mtindo huo wanauita 'Carolina squat'. Wanasema ulitokana na magari ya mashindano ya jangwani kule California, yale yanayoruka matuta ya mchanga, yakitua yatangulize matairi ya nyuma. Sasa Greensboro kuna jangwa gani? Barabara zao unaweza kulia ugali juu yake!

Mimi nimekulia Kigoma. Gari lililonyanyuliwa nalijua, Land Cruiser za mashirika zimetuvusha kwenye matope ya masika tangu tukiwa watoto. Lile linapanda kwa shida. Hili la binamu lilipanda kwa kutesa tu.

Mjomba alikuwa barazani, ameshika kikombe cha chai. Akaniita pembeni. "Mpwa wangu, umwambie huyo. Wewe atakusikia." Ndipo nikapewa mkasa mzima.

North Carolina tangu zamani sheria yao inasema gari dogo usilipandishe wala kulishusha zaidi ya inchi sita, kama sentimita 15, toka kipimo cha kiwandani, bila kibali cha maandishi cha mkuu wa idara ya magari. Vijana wakawa wanacheza humo humo: mbele anapandisha, nyuma anashusha, gari linabinuka. Toka tarehe 1 Desemba 2021 wakaongezewa kifungu: madigadi ya mbele yakizidi ya nyuma kwa inchi nne au zaidi, yaani sentimita 10 tu, ni kosa. Na makosa matatu ndani ya miezi 12, leseni inachukuliwa, mwaka mmoja kwenda juu.

Binamu alikuwa ameshaandikiwa mawili, na tangu la kwanza ilikuwa haijatimia miezi sita.

Kwa Bongo ungesema basi, atapanda daladala. Kule sahau. Anasambaza vifurushi kwa gari la kampuni, bila leseni hana kazi. Na mama yake anafanya usiku kiwanda cha kuku, nje ya mji, zamu inakwisha alfajiri. Mama hajui kuendesha. Mjomba macho yamemkataa. Anayempeleka na kumrudisha ni huyo huyo mwenye pua juu.

Tukaondoka. Mji wa kwanza ni Asheboro, ambako kuna hifadhi ya wanyama yenye tembo na twiga (nimetoka Tanzania nikaone twiga Marekani? Tukapita), halafu Rockingham, halafu misonobari na mashamba mpaka unachoka. Muziki wa Kongo unanguruma. Nikiwa kiti cha abiria nilikuwa naona boneti, juu yake mawingu. Barabara ya karibu sikuiona kabisa.

Nikamuuliza habari ya mwendo, maana alikuwa anayapita magari yote na mshale unasoma maili 60. Akacheka. Matairi ya kiwandani yalikuwa inchi 31. Ukiweka 35, kila mzunguko unakula njia ndefu zaidi, lakini mshale haujui. Nikapiga hesabu kwenye simu: mshale ukisema 60, gari lina karibu 68. Hesabu za fomu foo zina kazi yake!

"Na South Carolina hawakamati?" nikauliza.

Kimya. Wanakamata. Kule sheria ilianza Novemba 2023, inchi nne vile vile, miezi sita ya mwanzo polisi wakitoa onyo tu, baadaye faini: dola 100, mara ya pili 200, mara ya tatu 300 na leseni juu. Virginia nao walipiga marufuku 2022, baada ya pikapu ya namna hiyo kugongana na gari jingine wilaya ya Mecklenburg na kuua mtu, Februari ya mwaka huo. Bampa likiwa juu vile halikutani na bampa la mwenzako, linakuja usawa wa kioo. Na taa zinamulika machoni mwa anayekuja. Tuliporudi usiku walitupigia taa mpaka nikaona aibu.

Myrtle Beach yenyewe nzuri, siwezi kudanganya. Mchanga mrefu haujui kuisha, lile gurudumu kubwa la SkyWheel linazunguka na watu juu ya bahari, na mtaa wa Ocean Boulevard jioni ni matanuzi matupu, kila mtu anapita polepole aonekane. Binamu akapita mara tatu. Wavulana wakampigia honi, akafurahi. Kila akiona gari la polisi anakunja kichochoro. Nikajiuliza, ni starehe gani hii ya kujificha huku unataka kuonekana?

Tulipotoka tuliingia maegesho ya supamaketi kununua maji. Binamu anakwenda polepole kabisa, hilo nalishuhudia. Mimi nikaona kofia. Kofia tu, nyekundu, inapita juu ya ukingo wa boneti upande wangu.

"Simama!"

Akakanyaga breki mpaka kichwa changu kikagonga kioo. Akatokea mtoto wa miaka minane hivi, amekaa mabegani mwa dada yake, wanakula aiskrimu. Msichana mrefu tu. Bila mtoto mabegani, nisingemuona kabisa. Hawakutuangalia hata, wakaenda zao.

Maji hatukununua. Muziki ukazimwa, na mpaka Rockingham hakuna aliyeongea.

Jumatatu asubuhi nikasikia gari linawashwa. Nikamfuata kwa fundi mmoja Mmeksiko. Akapima kwa futi kamba: madigadi ya mbele inchi 45, ya nyuma 36. Tofauti tisa! Kazi ilichukua siku nzima. Lilipotoka mbele inchi 40, nyuma 39. Binamu akalitazama kama mtu aliyenyolewa rasta kwa nguvu.

Usiku ule mama mkubwa alipanda mwenyewe, bila lile stuli la plastiki ambalo nilikuwa najiuliza linafanya nini mlangoni.

Yale makosa mawili bado yapo, miezi 12 haijaisha, anahesabu siku kama mfungwa. Alhamisi alinipeleka uwanja wa ndege. Mshale ulisoma 60, nikamkumbusha apunguze. Matairi, alisema, yatasubiri mshahara.