Kompaundi Ndani ya Gia

Nilipanda Noah Arusha alfajiri, mashine yangu ya polishi nimeipakata kama mtoto mchanga. Dereva alitaka niitupe nyuma pamoja na magunia. Nikamwambia bora anitupe mimi. Ilikuwa mwishoni mwa Mei, masika yamekatika, na yadi moja ya magari ya utalii Karatu ilinihitaji ning'arishe Land Cruiser sita kabla wageni wa Juni hawajaanza kumiminika. Miaka minne nilikuwa napiga polishi mjini Arusha na sikuwahi kuvuka Makuyuni.

Kutoka Arusha hadi Karatu ni kilomita 140 na ushee, na karibu zote ni za tambarare mpaka Mto wa Mbu. Hapo abiria walinunua ndizi nyekundu kupitia dirishani, kisha gari likaanza kuukwea ukuta wa Bonde la Ufa. Masikio yakaziba. Nilipogeuka nyuma, Ziwa Manyara lilikuwa chini kabisa likimetameta kama boneti iliyotoka kupakwa nta. Baada ya Rhotia, udongo ukageuka mwekundu: barabara za pembeni, kuta za nyumba, hata mbwa. Ningekuwa na akili siku hiyo, ningeanza kuuogopa udongo ule palepale.

Siku ya kwanza kazi ilikwenda. Magari ya mbugani hayana siri: milango yote ina michirizi ya miiba ya migunga, na kila pembe imeficha tope lililokauka. Tope hilo ukiligusa linakuwa unga, na unga unaelea. Nilikuwa nikimaliza boneti moja naiweka mashine chini kwenye vumbi, naifuta kompaundi kwa kitambaa, naendelea.

Siku ya pili asubuhi, baridi ya Karatu ikiwa bado mifupani, mashine ikaanza kulia. Si mlio wake wa kawaida; ni kama mtu anasaga mchanga kwa meno. Kichwa chake kikachemka hata sikuweza kukishika bila glavu, na kwenye matundu ya nyuma cheche zikawa zinaruka za kijani na buluu. Nikaizima, nikaomba oili ya injini kidogo, nikawa nataka kuidondoshea kwenye matundu yale. Madereva wawili waliokuwa wanapiga grisi propela ya gari lao wakaangua kicheko.

"Dogo, unaichinja hiyo," mmoja akasema. "Mpelekee mzee, nyuma ya soko."

Mzee mwenyewe ni Mwiraqw, kazi yake kubwa ni pampu za wakulima wa vitunguu wa Mang'ola. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua macho, akaipokea mashine kwa mikono miwili. Kwanza aliizungusha sahani ya kubandikia pedi kwa kidole, taratibu, ameitegea sikio. Kisha akafungua skrubu nne za kichwa.

Sikuwahi kuona ndani yake. Kuna gia mbili tu: ndogo iliyo kwenye ncha ya mhimili wa mota, na kubwa yenye meno ya mshazari inayoupokea mwendo, kuupunguza na kuugeuza kwenda kwenye sahani. Grisi ilikuwa imesukumwa ukutani, nyeusi, imekauka kama ugali wa jana. Iliyobaki kwenye meno ilikuwa laini yenye chembechembe. Mzee aliichota kwa ukucha, akanipaka kwenye kiganja, akanifunga kidole changu juu yake.

"Sugua. Unaijua hii?"

Niliijua. Ilikuna vilevile kama kompaundi yangu ya kuondolea mikwaruzo.

"Basi humu ndani umekuwa ukiipiga polishi gia, mwanangu. Kila siku, bila kulipwa."

Akanieleza huku anaosha. Grisi ni mafuta yaliyoshikiliwa na aina ya sabuni. Joto likizidi mafuta yanatoka, sabuni inabaki pale haina kazi. Vumbi likiingia, linageuka msasa. Kwa hiyo haongezi grisi mpya juu ya kuukuu. Aliikwangua yote kwa kijiti, akaosha meno kwa mafuta ya taa, akayapangusa na kuyaacha yakauke, akahakikisha sili inayotenganisha gia na mota haijachanika. Oili ya injini, alisema, ingepenya ikaingia kwenye mota, na hapo ningerudi Arusha na chuma cha kuuza kwa kilo.

Nilitegemea ajaze kichwa chote. Alipaka kama kijiko cha chai na nusu, akalifunika kila jino, akaacha nafasi tupu. "Ukijaza inachemka. Haina pa kwenda, inatafuta mota."

Zile cheche hazikuwa za gia. Alichomoa kaboni mbili za pembeni: zilikuwa zimebaki vipande vifupi kuliko kucha yangu, moja imeliwa upande. Hakuwa na za saizi yangu, akachonga za mota kubwa zaidi kwa msasa juu ya kioo, nusu saa nzima, akizijaribu mara kwa mara mpaka zikateleza kwenye vishikio vyake bila kukwama. Mimi sijawahi kukaa nusu saa nikichonga kitu cha mteja kisichoonekana. Beringi ya nyuma aliisikiliza tu akaiacha; ni ya kuzibwa, haipakwi kitu, ikianza kulia inabadilishwa. Mwisho akaipuliza mota kwa kompresa, sahani ameishika isizunguke, na lile wingu lililotoka matunduni lilikuwa jekundu na manyoya ya pedi ndani yake. Wekundu wa Karatu wa siku moja. Manyoya ya Arusha ya miaka minne.

Aliiwasha bila pedi, mwendo wa chini, dakika mbili, grisi ienee. Mlio ukarudi mnene.

Magari yaliisha siku ya tano. Dereva aliyenicheka alikuwa anapeleka moja juu Ngorongoro, akanichukua. Lami iliishia geti la Lodoare, tukapanda msitu ndani ya ukungu. Ukingoni, mita zaidi ya 2,000 juu ya bahari, hapakuwa na kitu cha kuona ila jiwe la ukumbusho wa Michael Grzimek, mtafiti wa wanyamapori aliyekufa Januari 1959 baada ya ndege yake kugongana na tumbusi, mwaka uleule hifadhi ya Ngorongoro ilipoanzishwa. Dereva alisema ndege ile ilipakwa milia ya pundamilia. Nikajikuta nawaza aliyeipaka rangi.

Kisha ukungu ukapasuka, na kreta ikawa chini yetu, kina cha mita kama 600, doa jeupe katikati.

"Magadi," dereva akasema. "Hiyo nyeupe ikikauka ikapeperuka, inaingia kila beringi."

Aliinama chini ya gari kutazama krosi za propela. Mimi nikapitisha kidole kwenye boneti niliyoimaliza jana yake. Kikatoka chekundu.