Dawa za shambani na matezi (sehemu ya 6)

Tangu niandike kuhusu matezi ya shingoni, swali linalorudi ni moja: eti dawa tunazopulizia nyanya zinaleta saratani ya matezi? Leo tulimalize.

Saratani yenyewe inaitwa limfoma. Inaanzia kwenye chembe nyeupe za damu, zile askari wa mwili, na mara nyingi inajitokeza kama uvimbe shingoni, kwapani au kwenye kinena pale tunapopaita mtoki. Siyo goita, wala siyo tezi dume ya baba.

Jibu langu: baadhi ya dawa, ndiyo, na anayebeba mzigo zaidi ni yule anayeshika bomba. Mwaka 2015 IARC, taasisi ya saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliiweka lindeni kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na saratani iliyotajwa ni hii hii limfoma. Lindeni ilitumika shambani na hata kutibu chawa na upele. Mwaka huo huo malathioni, diazinoni na ile dawa ya kuua magugu, glaifosati, ziliwekwa kundi linalofuata, la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha. Makundi haya yanapima uhakika wa ushahidi tu. Hayasemi hatari ni kubwa kiasi gani, na hapo ndipo watu wengi wanapotishana kwenye simu.

Kuhusu glaifosati wataalamu bado wanavutana. Utafiti wa Marekani uliotoka 2018, uliofuatilia wapuliziaji zaidi ya 50,000, haukuona uhusiano na limfoma. Mwaka 2019 watafiti wengine walijumlisha tafiti kadhaa wakakuta waliotumia kwa wingi hatari yao imepanda kwa asilimia 41. Usisome hiyo kama watu 41 kati ya 100 wataugua! Chukua mfano tu: kama kijiji kingekuwa na wagonjwa 10, wangefika kama 14. Mimi kwa 14 hiyo nisingekubali mume wangu apulizie kifua wazi.

Maana dawa nyingi inaingilia kwenye ngozi. Bomba linavuja mgongoni, shati linalowa, anaendelea hadi jioni. Anapochanganya ndiyo kali zaidi, kwa sababu pale dawa haijapata maji, na wengi wanakorogea mkono mtupu. Halafu anarudi nyumbani na mtoto anamkimbilia, baba baba! Jamani, aoge kwanza na sabuni, abadilishe nguo, ndipo ambebe. Nguo zile usizichanganye na za mtoto kwenye beseni moja. Vaa glavu, zifue peke yake, beseni lisuuzwe vizuri. Na kama una mimba au una mchanga mgongoni, kazi ya kupuliza mwachie mtu mwingine. Anayenyonyesha asiache kunyonyesha kwa hofu hii.

Chupa za dawa hazibebi maji, mafuta ya taa wala maziwa, hata uzioshe mara kumi. Na ile tabia ya kununua dawa iliyopimiwa kwenye chupa ya soda inaniudhi kuliko zote, kwa sababu lebo imebaki dukani. Lebo ndiyo inayokwambia usubiri siku ngapi kabla ya kuvuna. Ukiona mstari mwekundu chini yake, hiyo ni sumu kali. Nyanya za sokoni zioshe kwa maji yanayotiririka, mle. Msiache mboga.

Sasa uvimbe. Matezi ya mtoto mwenye mafua au kidonda huvimba, huuma, kisha hunywea. Linalonitia wasiwasi ni tezi lisilouma, limekaa zaidi ya wiki tatu na linakua, hasa kama kuna homa zisizoeleweka, jasho la usiku la kulowesha shuka, au kukonda. Hapa kwetu mara nyingi hudhaniwa ni TB, na kweli TB ya matezi ipo. Lakini kama dawa za TB zinamezwa na tezi linazidi kukua, muulize daktari kwa heshima: je, tunaweza kuchukua kinyama kikapimwe? Ni haki yako kuuliza.

Mtoto akivimba taya au tumbo ghafla, meno yakaanza kulegea, usisubiri hata wiki. Huenda ni limfoma ya Burkitt, iliyopewa jina la daktari aliyeieleza Uganda mwaka 1958. Hiyo inahusishwa na malaria na kirusi cha Epstein-Barr, hivyo mama usijilaumu kwa dawa za shamba. Inakua kwa kasi sana, ila ikiwahiwa watoto wengi wanapona kwa dawa za saratani.

Sehemu ya 7 ni dawa za kuhifadhia mahindi, zile tunazoweka kwenye gunia chini ya kitanda.