Kazi ya Mungu na Kazi Yetu

Katika mitaa ya Kinondoni na Temeke hakuna maneno yasemwayo matangani mara nyingi kuliko haya, kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Huyasema mzee wa Kanisa, huyasema jirani Mwislamu aliyekuja kukaa nasi jamvini, huyasema hata mtu asiyeingia nyumba yo yote ya ibada. Nao wafiwa huyapokea kwa kuinamisha vichwa. Maneno haya ni ya kweli, wala hatuandiki ili kuyapinga. Lakini ndani yake limo swali kubwa ambalo wengi wetu hulipita bila kulitazama: Ikiwa Mungu amekwisha kuyaamua mambo yote tangu asili, mwanadamu ana hiari gani? Na kama hana hiari, atahukumiwaje kwa haki?

Swali hili ni la kale. Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, alishindana na mafundisho ya Pelagius, aliyesema kwamba mtu aweza kuchagua mema kwa nguvu zake mwenyewe. Augustino alijibu kwamba pasipo neema mtu hawezi hata kuanza. Mwaka 1525 Luther alimjibu Erasmus juu ya jambo lilo hilo. Baadaye Calvin akalifundisha kwa ukali huko Geneva. Na katika karne ya 18 John Wesley akayakataa mafundisho ya Calvin, akisema kwamba neema yatolewa kwa watu wote. Basi sisi Wakristo wa Dar es Salaam, ambao makanisa yetu yalipandwa na wamisioni wa namna nyingi, tumerithi majibu yasiyolingana. Walakini katika jambo moja walimu hao wakuu walikuwa na neno moja: mtenda dhambi hana ruhusa ya kumtwika Mungu dhambi yake.

Wazee wetu wa pwani nao walilifikiri neno hili. Walisema, Jitihada haiondoi kudura. Tena walisema, Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakuona haya kuziweka methali hizi mbili katika kapu moja. Mtume Paulo naye, katika waraka wake kwa Wafilipi, mlango wa 2, awaagiza waamini wautimize wokovu wao kwa kicho na kutetemeka, na papo hapo awaambia kwamba ni Mungu atendaye kazi ndani yao. Hakuikata kazi ile vipande viwili, nusu ya Mungu na nusu yetu.

Sasa na tuyatazame mambo yaliyotupata. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi huko Mbagala, wilayani Temeke, lililipuka. Mabomu yakaruka na kuziangukia nyumba za watu. Zaidi ya watu 20 walifariki, na watoto wakapotezana na wazazi wao katika kukimbia. Hata miaka miwili haijatimia, usiku wa tarehe 16 Februari 2011, mambo yale yale yakatokea Gongo la Mboto, na huko pia waliofariki walizidi 20. Kisha mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Kinondoni, kikaenea katika mikoa mingi ya nchi. Mara zote hizo, maneno yale ya matangani yalisemwa.

Bwana Yesu aliletewa habari za namna hii. Twasoma katika Luka, mlango wa 13, kwamba watu walimpasha habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye akawakumbusha watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Alikataa kabisa kusema kwamba wale waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Wala hakuwaambia kwamba imekwisha andikwa, basi nendeni zenu mkalale. Aliwageuzia neno wao wenyewe waliokuwa hai, akawataka watubu. Nako kutubu huamriwa mtu mwenye hiari. Jiwe haliambiwi litubu.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Mvua kubwa ya masika inanyesha usiku. Mwenye nyumba mmoja, choo chake kimejaa, akitobolea tundu akakitapisha, ili uchafu uchukuliwe na maji ya mvua na yeye asitoe fedha. Maji yale yashuka bondeni, yaingia katika kisima cha jirani. Baada ya siku chache mtoto wa jirani ashikwa na kipindupindu, akafa. Mwenye nyumba yule aja matangani, aketi jamvini, aseme kwa upole kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Je, amesema kweli? Maneno ni ya kweli, lakini ameyaiba. Ni kazi ya nani iliyotendeka usiku ule?

Hapa twaona mwanga katika habari za Yusufu. Mwisho wa kitabu cha Mwanzo Yusufu aliwaambia ndugu zake kwamba wao walikusudia mabaya, lakini Mungu alikusudia mema. Watu wengi hulishika neno hili, lakini hawaangalii ni nani aliyelinena. Alilinena yeye aliyetupwa shimoni, aliyeuzwa, aliyefungwa gerezani. Ndugu zake hawakuthubutu kulisema. Wao walianguka chini wakiomba kusamehewa. Mama aliyefiwa akisema kwamba kazi ya Mungu haina makosa, hiyo ni imani, nasi twapaswa kuinyamazia kwa heshima. Aliyefukia shimo vibaya, aliyeweka vitu vya hatari karibu na makao ya watu, aliyepokea bahasha ili asione, hao hawana ruhusa ya kulisema neno la Yusufu kabla ya kuanguka chini kama ndugu zake.

Sisi tufundishao dini shuleni huulizwa na watoto: Ikiwa ilitabiriwa kwamba Yuda atamsaliti Bwana, yeye alikuwa na kosa gani? Wengine hujibu kwamba mwalimu aweza kujua mapema ni mwanafunzi yupi atashindwa mtihani, wala kujua kwake si sababu ya kushindwa kule. Mfano huu wasaidia kidogo, ila wachechemea, maana mwalimu hakumwumba mwanafunzi wake. Heri tuwaonyeshe watoto kwamba usiku ule ule Petro naye aliambiwa mapema kwamba atamkana Bwana, naye akamkana mara tatu. Lakini Petro alitoka nje akalia, kisha akarudi. Wote wawili waliambiwa kabla, na kutabiriwa hakukumfungia Petro mlango wa kurudi.

Jinsi shauri la Mungu na hiari ya mtu zinavyokutana, hatuwezi kuifikia kwa akili zetu, wala Paulo hakuifikia katika Warumi 9, alipotaja mfinyanzi na udongo wake. Lakini tuliyopewa kuyatenda yatutosha. Twendapo kwa wafiwa, tuwe wazito wa kusema. Bwana mwenyewe alilia kwa ajili ya Lazaro, ingawa alijua kwamba atamfufua. Turudipo nyumbani, tuchemshe maji, tuvunje ukimya mbele ya jirani atapishaye choo, tuwaulize kwa adabu wenye mamlaka juu ya yale waliyokabidhiwa kuyalinda. Siku ile Mungu atakapotuita kutoa hesabu, hatatuuliza juu ya kazi yake. Atatuuliza juu ya kazi yetu.