Land Rover ya babu: breki kwanza, rangi baadaye

Najua nimeadimika hapa kijiweni tangu tufunge chuo, na wapo walionitumia meseji wakidhani nimepata kazi kimya kimya. Kazi nilipata kweli, ila haina mshahara. Likizo yote nilikuwa nyumbani Karatu, nimelala chali chini ya Land Rover ya marehemu babu, vumbi jekundu linanidondokea machoni.

Gari lenyewe ni 109, Series III. Hiyo 109 ni inchi, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kama mita 2.77 hivi. Series III zilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 mpaka 1985. Babu alilinunua likiwa limeshatumika, akabebea vitunguu kutoka Mang'ola na wagonjwa wa kijiji kizima, mpaka alipofariki 2011. Tangu hapo likalala chini ya mti. Kuku wakahamia kiti cha nyuma, wakawa wanataga humo bila kodi.

Sasa baba amestaafu ualimu, kapata kiinua mgongo chake, akatangaza kwamba gari linafufuka. Atabebea mizigo, apate kitu cha kufanya na senti za kuongezea pensheni. Mama akamjibu palepale mezani: "Mwalimu, gari la marehemu linataka kula pesa ya walio hai." Jamani, kimya! Mdogo wangu anaingia chuo mwakani, na ada inatoka mfuko huohuo. Mwisho wakakubaliana kiasi, mama akakiandika kwenye daftari na kukipigia mstari. Pesa ikifika kwenye mstari gari halijatembea, linauzwa skrepa. Baba akatia sahihi, nikadhani ni utani. Haukuwa utani.

Hapo ndipo kila mtu akawa fundi. Mnajua tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, kila mwenye mkweche uani anaona ana dhahabu. Binamu zangu wakataka rangi mpya, matairi mapana na taa juu ya paa. Baba mdogo yeye akataka tung'oe injini, tufunge ya dizeli ya Kijapani. Fundi, mzee mmoja aliyeyatengeneza magari haya tangu ujana wake, hakubishana na mtu. Aliomba nyundo ndogo, akaingia chini na kuanza kugonga chasisi taratibu. Ti, ti, ti. Alipofika karibu na gurudumu la nyuma ikalia pu. Akagonga tena, nyundo ikazama kwenye kutu.

Hili ndilo jambo la kujua kuhusu Land Rover za zamani. Mwaka 1948 zilipoanza, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo bodi zikafanywa za aluminiamu. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma, ndiyo maana unaliona gari la miaka 40 ukasema bado zima. Lakini chasisi ni ya chuma, inaozea ndani, tope likikaa. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, aluminiamu yenyewe inaliwa, unakuta unga mweupe. Yaani gari linakutazama likiwa limenyooka huku mifupa imekwisha. Ukianza na rangi, unaipamba maiti.

Basi fundi akatoa mpangilio wake: chasisi, breki, usukani, umeme, injini, halafu rangi kama kuna kitu kitabaki. Sehemu zilizooza zikakatwa mpaka chuma kizima, zikachomelewa mpya. Siku tatu hizo. Nati nyingi ni za inchi, spana za milimita zinateleza tu, tukaenda kuazima seti kwa jirani.

Breki ndiyo ilikula pesa. Magurudumu yote manne yana dramu, na pistoni zilikuwa zimeganda. Mipira ya breki ilipasuka kwa kukunjwa tu. Halafu gari letu lilikuwa na mfumo wa njia moja: mafuta yakivuja gurudumu moja, umekosa breki zote nne. Fundi akasema hapa ndipo pa kuboresha, tufunge pampu ya njia mbili. Mbele zikifa, za nyuma zinabaki. Baba akatazama daftari, akatazama mteremko wa kwenda Mang'ola akilini mwake, akalipa. Mikanda ya viti pia ikafungwa, maana haikuwepo.

Injini ikabaki ileile ya petroli, ya lita 2.25. Fundi aliipima mgandamizo, silinda zote nne ziko vizuri. Akasafisha kabureta, akatoa pointi za zamani akafunga mfumo wa kielektroniki, tukasahau habari ya kukwangua pointi kwa msasa. Baba mdogo alinung'unika, na ana hoja, maana petroli inanywewa hasa. Lakini injini mpya ni pesa ya injini, ya vikalio vyake, na ya kubadilisha kadi, kwa sababu namba ya injini imeandikwa mle. Halafu unampa mzee nguvu za kijana huku magoti ni yaleyale.

Kwa sisi watu wa ualimu, tazameni fundi alivyofundisha. Siku ya kutoa hewa kwenye breki alinipa spana tu, baba kwenye pedali. Baba anakanyaga, mimi nalegeza kinati, mapovu yanatoka, nafunga ndipo baba aachie. Nikauliza kwa nini tunahangaika na mapovu. Akasema, "Kanyaga mwenyewe." Nikakanyaga, pedali laini kama godoro. Tukamaliza kutoa hewa, akasema "kanyaga tena," pedali ngumu kama jiwe. Hewa inabonyea, mafuta hayabonyei. Nimesoma presha ya vimiminika tangu sekondari, ila mguu wangu ulikuwa haujaambiwa. Kwenye mazoezi ya kufundisha nitaenda na bomba mbili za sindano, moja ya maji, moja ya hewa. Watoto wakandamize kwanza, maneno baadaye.

Pesa ikafika kwenye mstari wa mama. Gari lina mlango wa kijani, boneti ya kijivu, na viraka vya rangi ya kuzuia kutu. Mama akakataa mtu asipande mpaka lijaribiwe na mzigo, tukajaza mawe. Baba akalishusha mlimani kwa gia ya nguvu, fimbo nyekundu imevutwa nyuma, injini inalizuia, mguu unagusa tu. Alipokanyaga hasa, likasimama palepale, halikuvuta upande. Mama akalizunguka, akauliza, "Rangi iko wapi?" Baba akajibu, "Iko kwenye breki." Nikaona mama anageuka ili asionekane akicheka.

Safari ya kwanza ya vitunguu imeshafanyika. Mama amefungua ukurasa mpya kwenye lile daftari, kaandika MAPATO, na chini yake nauli ya gunia nane. Hajasema amekubali, ila ukurasa ameufungua yeye, na peni ni yake.

Kwa hiyo wewe mwenye mkweche wa urithi uani, kabla hujaita mpaka rangi, tafuta nyundo ndogo. Gonga usikilize. Kuku utawahamisha baadaye.

Haya, naenda kupanga foleni ya chakula kabla maharage hayajaisha. Tupo pamoja.