Mzigo wa Kuni

Utosini mwa dada yangu pana mahali nywele hazioti vizuri, duara dogo kama kiganja cha mtoto. Kwa miaka mingi nilidhani alizaliwa nalo. Nilikuwa mtu mzima mwenye mshahara, nikimsuka uani kwetu Nduruma, siku nilipomuuliza. Akacheka.

"Hapo ndipo ngata ilipokaa, mdogo wangu. Wewe ulikuwa shule."

Jikoni kwetu palikuwa na mafiga matatu. Mafiga yanakula kuni bila kushiba: moto unatoka pande zote, chungu kinapata sehemu yake ndogo, na iliyobaki inapasha hewa na kuumiza macho ya mpishi. Makande yalibandikwa mchana yakaiva giza likiwa limeingia. Mzigo mmoja wa kuni ulitosha siku tatu. Na kila mwaka dada alikwenda mbali kidogo zaidi kuutafuta, maana huku kwetu chini si kama kule juu mlimani Meru kwenye migomba na kahawa. Huku miti ni ya kuhesabu. Alianza kukosa shule Jumatatu, kisha na Alhamisi. Alipofika darasa la sita akaacha. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyekaa kikao kuamua. Mimi niliendelea kusoma, nikirudi jioni kula makande yaliyoiva.

Nilipopata kazi mjini Arusha nilinunua jiko la gesi na mtungi wa kilo sita, nikawapelekea. Nilijiona nimelipa deni. Mama akaufunika mtungi kwa kitambaa cha kufuma, na ukawa wa kuchemshia chai ya wageni. Ulipokwisha ulikaa kona moja miezi mingi. Siku moja kwenye simu nilimwambia dada maneno ambayo bado yananichoma: "Basi nyie mnapenda moshi."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kujaza mtungi ni hela ya mkononi, leo hii, na bodaboda naye anadai. Kuni nazilipa kwa shingo. Shingo inakopesha."

Si kwamba kwetu hapajajaribiwa. CAMARTEC, kituo cha serikali cha teknolojia za kilimo na vijijini kilichoanzishwa mwaka 1981, kipo hapa hapa Arusha, na kuanzia 2009 kilikuwa mwenyeji wa mpango wa taifa wa biogesi ya majumbani. Baba mdogo alijenga mtambo wake: kuba chini ya ardhi, samadi na maji kwa vipimo sawa, gesi inapita kwenye bomba hadi jikoni, na tope linalotoka linakwenda shambani kuwa mbolea. Nakumbuka tulivyosimama kuutazama ule moto wa buluu usio na moshi. Alikuwa na ng'ombe watatu. Ukaja ukame, zikaja na ada za shule, akabaki na mmoja, na maji yenyewe yakawa ya kubeba kwa ndoo. Moto ukapungua hadi kutosha chai tu. Mtambo haukuharibika. Ulikuwa na njaa.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Naliombea lengo hilo. Ila kati ya leo na 2034 kuna makande mengi ya kupika.

Jumamosi moja nilikwenda nyumbani bila taarifa, nimepania kuuchukua ule mtungi nikaujaze mwenyewe. Nikakuta akina mama wa kikoba chao wamejaa uani, wanakanyaga udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na majani makavu. Walikuwa wakijengeana majiko banifu kwa zamu, nyumba baada ya nyumba, kama msaragambo. Vipande vya mgomba vililetwa kwa bodaboda kutoka Tengeru. Vinalazwa ndani ya udongo pale moto na moshi utakapopita, kisha vinaondolewa na kuacha njia. Nikapewa panga nikatekate majani. Hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani mjini.

Mama alitaka mdomo wa jiko uwe mpana, uingie gogo zima. Wenzake wakakataa. "Mdomo mpana ni kurudi kwenye mafiga, mama. Pasua kuni nyembamba, zikauke." Akauliza atachomea wapi mahindi, na nani atafukuza fukusi kwenye mahindi ya darini kama moshi wote unatoka nje kwa dohani. Maswali ya maana. Mafiga yakahamishiwa nje, hayakutupwa. Wakamkumbusha pia aloweke maharage usiku na kufunika chungu. Akajibu kwamba hilo alifundishwa na mama yake kabla wao hawajazaliwa.

Jiko lilikaa wiki kadhaa likikauka, ndipo likawashwa. Moshi haukuisha kabisa, lakini sasa unaweza kuuona ukuta wa pili. Likipasuka, dada analiziba kwa udongo ule ule. Hahitaji kumpigia mtu simu. Mzigo wa siku tatu sasa unakaribia wiki. Binti yake, aliye darasa la sita, haendi kutafuta kuni siku za shule.

Mtungi nao naujaza, kila mwezi, bila maneno. Wanautumia asubuhi na siku za mvua.

Mwezi uliopita nilimsuka tena dada. Nilipita taratibu pale utosini, ambapo hapajaota kitu. Nikamuuliza ile siku aliyoipata anaifanyia nini. Moyoni nilikuwa nangoja aniambie amefungua genge, au anafuga kuku, kitu ambacho ningewasimulia watu kazini.

"Alhamisi?" akasema. "Nalala. Nalala mpaka jua linaingia dirishani."

Akainamisha kichwa, nikaendelea kusuka.